Jani likidondoka kijitoni, nani hasa analila? (Uzi mrefu kutoka banioni, Kigoma)

Mlinzi wa Banio (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwakeye.

Mimi ni mlinzi wa chanzo cha maji ya mserereko huku milimani, kaskazini mwa Kigoma mjini. Kijiji sikitaji, maana mwenyekiti wa kamati yetu ya maji naye huwa anapita humu kusoma na tuna kesi yetu ndogo, nitaifikia. Kazi yangu kuisimulia ni rahisi: kila alfajiri napanda hadi kwenye banio, yaani pale maji ya kijito yanapozuiwa na kuchotwa, natoa majani yaliyoziba chujio, nashuka. Mwaka wa sita huu. Majani niliyoyatoa kwa mikono hii yangejaza fuso.

Kilichonitia wazimu ni hiki. Juu ya banio pana mikuyu mikubwa, inadondosha majani mazima, mapana, makavu kama karatasi ya kaki. Lakini yanayofika kwenye chujio langu mengi ni mifupa. Nyama ya jani imeliwa yote, imebaki mishipa tu, ukiinua juu unaona mwanga unapita kama kwenye neti. Umbali wenyewe si hata mita mia mbili. Na hapanuki. Lundo la majani yale yale nikiliacha pembeni ya banio, mwaka mzima lipo.

Nikaanza kupindua mawe. Kisha nikampata mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya karibu, akaniruhusu kutumia hadubini ya shule siku za Jumamosi. Tumefungua matumbo ya viumbe ambao hata majina ya Kiswahili hawana. Nikipata bando naandika. Mwenye haraka apite tu.

---

Mgebuka Mkavu

Siti ya mbele kabisa. Nimekuja na karanga.

---

Mlinzi wa Banio

Tuanze na jani lenyewe, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea tangu mwanzo. Nilidhani jani likiingia majini mdudu anakuja, anang'ata, anashiba, basi. Sivyo.

Siku ya kwanza na ya pili jani linatoka chai. Kweli kabisa, weka jani kavu la mkuyu kwenye ndoo nyeupe usiku, asubuhi maji ni ya kahawia. Sukari, chumvichumvi na ile tanini inayokaza ulimi vinayeyuka na kwenda zake. Kwa siku mbili hizo jani linaweza kupoteza hata robo ya uzito wake mkavu kabla mdudu yeyote hajaligusa. Linalobaki ni gumu: selulosi, ambayo ndiyo kuta za jani, na lignini, ambayo ndiyo saruji yake. Ukimpa mdudu jani la namna hiyo ni kama kumpa mtu muhogo mkavu autafune.

Sasa sisi watu wa Kigoma muhogo tunaufanyaje?

---

Mama Mise

Tunauloweka baba. Siku tatu nne, ukibonyeza kidole kinaingia, ndipo unatoa, unaanika, unatwanga. Usipoloweka huo si ugali, ni ugomvi.

---

Mlinzi wa Banio

Asante mama yangu. Ndicho jani linachofanyiwa kijitoni, na anayeliloweka ni ukungu. Kuvu. Si uyoga wala si ukungu wa mkate, hawa ni kuvu wa majini, wanapenda maji yanayokimbia yenye hewa nyingi. Aliyewaeleza kwanza vizuri ni Mwingereza mmoja, Ingold, mwaka 1942, kwenye majani yaliyooza katika kijito cha kwao. Spora zao, yaani mbegu zao, nyingi zina mikono minne, kama nanga ya mtumbwi, ili zikipita na maji zijikwamishe kwenye jani. Mnaliona lile povu la kahawia linalokaa chini ya maporomoko, watu wanasema ni sabuni au ni mashetani? Chota kidogo uweke chini ya hadubini. Limejaa nanga. Jumamosi ile nilirudi nyumbani nimechelewa, mke wangu akadhani nimepitia kilabuni.

Spora ikishika, inatoa nyuzi zinazoingia ndani ya jani. Nyuzi hizo zinamwaga vimeng'enya vinavyokata gundi inayoshikilia seli za jani, kisha vinaikatakata selulosi yenyewe. Jani linalegea. Na kuna jambo lililonishangaza zaidi: kuvu wanavuta nitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji yanayopita na kuvijenga ndani ya miili yao, humo humo kwenye jani. Kwa hiyo jani lililolala majini wiki mbili tatu lina protini nyingi kuliko siku lilipodondoka. Limeoza, na limenona.

Basi mdudu anapokuja kula, jani ni ugali na kuvu ndiyo dagaa. Wazungu nao wana mfano wao, wanasema jani ni biskuti na kuvu ni siagi ya karanga iliyopakwa juu. Kila mtu na mezani kwake.

---

Kasulu Juu

Mkuu hiyo ya kusema mdudu anafuata ukungu na siyo jani ina ushahidi au ni hadithi tamu ya wenye hadubini? Mimi nimesoma kilimo, huwa sikubali kirahisi.

---

Ticha Bios

Mimi ndiye mwalimu mwenye hadubini, acha nijibu hilo. Mwaka 1973 Bärlocher na Kendrick, kule Kanada, walichukua vijikamba vidogo vya mito vinavyoitwa Gammarus, wakawapa kuchagua. Vijikamba vilipenda majani yaliyoota kuvu kuliko yaliyo matupu, tena vikabagua hata aina ya kuvu. Majaribio ya namna hiyo yamerudiwa mara nyingi na viumbe wengine, mwelekeo ni huo huo.

Lakini kaka yangu wa banio anatia chumvi kidogo. Kuvu ndiye kitoweo, sawa, ila kwa uzito sehemu kubwa ya kila tonge bado ni jani. Mdudu anapata kuvu kwa kula jani lote, hawezi kuchambua. Kwa hiyo swali la tumbo linabaki pale pale: lile jani lililoingia mdomoni linafanywa nini?

---

Mlinzi wa Banio

Nimekubali chumvi. Ticha ndiye mwenye hadubini, sina ubavu wa kubishana.

Tuje kwa walaji. Hapa kwangu nimewaona wa aina tatu wanaokula jani kubwa moja kwa moja.

Wa kwanza ni mdudu anayejijengea kijumba. Anakata vipande vya jani, anavishona kwa uzi wa hariri unaotoka mdomoni, anaingia ndani, anatembea na nyumba yake. Watoto wanamwita kuli. Vijumba vya huku kwangu ukivitazama kwa mbele vina pembe tatu, kama sambusa ndefu. Ticha alitafuta kwenye vitabu vyake akasema wanafanana na jamii ya Pisuliidae, wadudu wa Afrika hasa. Mkubwa wake anaruka kama nondo mdogo wa rangi ya majivu, mnamwona kwenye taa usiku na hamjui alikotoka.

Wa pili ni funza mnene wa kijivu, hana miguu, ngozi kama ya mpira. Huyu akikua anakuwa lile dude kubwa kama mbu, la miguu mirefu, linalogonga ukutani usiku, watu wanaliua wakidhani linang'ata. Haling'ati, jamani. Jina lake la kitaalamu ni Tipula na ndugu zake. Tumbo la huyu ni kiwanda, nitalirudia.

Wa tatu ni kaa.

---

Nahodha wa Boti Mbovu

Kaa wa mtoni? Wale wa kahawia wenye hasira? Wale si wala nyama? Mimi nikitupa utumbo wa samaki pale mwaloni Kibirizi wanakuja mbio.

---

Mlinzi wa Banio

Nahodha, kaa anakula chochote. Utumbo wa samaki umempa wewe, hana mkataba na nyama. Usiku nikienda na tochi banioni nawakuta wameshika majani kwa koleo mbili, wanachana vipande vidogo na kupeleka mdomoni, kama bibi anayechambua mchicha. Mchana huwaoni, wako mashimoni.

Na hapo ndipo penye kesi. Mwenyekiti ameagiza kaa wote wauawe kwa sababu wanatoboa kingo za banio na maji yanavuja. Kuvuja ni kweli. Mimi nikasema nipeni mawe na saruji nijenge kingo, kaa muwaache, hawa ndio wanaonipunguzia majani. Nikaitwa mtetezi wa kaa. Mpaka leo watoto wakiniona wanatembea kiubavu.

---

Mgebuka Mkavu

😂😂😂 Kiubavu! Endelea mtetezi.

---

Ticha Bios

Wala si utani. Hili la kaa liliwahi kuwapotosha hata watafiti. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba vijito vya nchi za joto vina walaji majani wachache sana ukilinganisha na Ulaya na Marekani. Mwaka 2002 watafiti walipochunguza vijito vya nyanda za juu za Kenya nao walikuta wachache. Mwaka 2014 wengine wakarudi kwenye vijito vya nyanda za juu hizo za Kenya, wakafungua matumbo ya wadudu badala ya kuwapanga kwa kutumia vitabu vya nchi za baridi, na kaa wakawahesabu. Wakakuta kundi kubwa la walaji majani, aina nyingi. Walikuwapo. Fikiria ukienda mchana na kijiwavu kidogo, utamkamata vipi kaa anayetoka usiku?

---

Mgeni wa Reli

Nasoma kutoka Tabora, huku mito yetu nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Swali: mchwa si ndiye bingwa wa kula mti? Anao wadudu wadogo tumboni wanaomsagia. Hawa wa kijitoni nao wanafuga?

---

Mlinzi wa Banio

Swali zuri mkuu wa Tabora, na jibu lake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Zamani iliaminika kwamba mnyama hana uwezo wa kutengeneza kimeng'enya cha kukata selulosi, lazima afuge vijidudu. Mwaka 1998 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba mchwa anayo jeni yake mwenyewe ya kimeng'enya hicho. Mwaka uliofuata ikapatikana kwa kamba wa mito ya Australia. Kwa hiyo mchwa unayemsema anafuga na pia anajitegemea. Wa kijitoni nao kila mmoja ana njia yake.

Kaa kwanza anasaga. Mdomoni anachana tu. Meno hasa yako tumboni. Tulimpata kaa aliyekufa, ticha akampasua, tukakuta ndani ya tumbo la mbele meno matatu magumu: moja katikati kwa juu na mawili ya pembeni yanayokutana nalo, na misuli inayoyasugua. Kinu kamili. Chakula kikishakuwa uji kinachujwa kwa vinyweleo, laini tu ndiyo inapita kwenda kwenye ile tezi ya njano. Walaji wa kaa mnaijua, ile mnayogombania. Kumbe ile njano ndiyo inayomwaga vimeng'enya, ndiyo inayofyonza chakula, na ndiyo ghala la mafuta yake. Kazi ya kongosho na ini kwa pamoja. Makapi yanaendelea nyuma.

Mdudu wa kijumba hana kinu tumboni. Ana taya kali, anakata vipande vidogo, anameza, na chakula kinapita kwa saa chache tu. Saa chache za kumeng'enya selulosi? Hazitoshi. Anachokivuna ni kile kilicholainishwa tayari: kuvu wenyewe, bakteria, na sukari ambazo kuvu walishaanza kuzikata. Tena kuna ujanja mwingine. Vimeng'enya vya kuvu havifi mara moja vikimezwa. Kwa baadhi ya walaji majani imeonekana vinaendelea kufanya kazi ndani ya utumbo wa mlaji. Umekula mpishi pamoja na kisu chake, na kisu kinaendelea kukata.

Sasa yule funza wa Tipula. Mnajua kisamvu kigumu au maharage ya zamani yasiyoiva?

---

Mama Mise

Magadi.

---

Mlinzi wa Banio

Magadi! Mama, wewe ungekuwa na hadubini tungekoma. Utumbo wa kati wa funza huyu una ukali wa magadi. Watafiti wa Marekani walimpima mmoja wa jamii hiyo na kuandika mwaka 1980: kipimo cha pH kinapita 10, wakati maji safi ni 7. Mtu ana tindikali tumboni, yeye ana maji ya sabuni. Ukali wa namna ya ile lai ya majivu wanayopikia sabuni ya gwanji kwa mawese.

Faida yake ni nini? Turudi kwenye tanini. Tanini inashika protini na kuzing'ang'ania. Ndiyo maana mafundi ngozi wanatumia maganda ya miti kukaza ngozi isioze. Kwenye jani tanini imefanya hivyo hivyo, imefunga protini kifungo ambacho matumbo mengi hayakifungui. Kwenye magadi kifungo kinalegea, protini inaachiliwa, na vimeng'enya vyake, ambavyo navyo vimezoea ukali huo, vinaimeza. Selulosi huko kati haiguswi kabisa. Inaendelea hadi utumbo wa nyuma, ambako kuna mfuko uliovimba kama kibuyu, umejaa bakteria walionata ukutani. Hapo ndipo jibu lako mkuu wa Tabora: ndiyo, huyu anafuga. Bakteria wanachachua masalia na yeye anafyonza wanachotoa.

Tuliutoa utumbo wa mmoja tukaupima kwa karatasi ya rangi ya maabara ya shule. Kati ikawa bluu ya kupendeza. Kipande cha nyuma hakikufika rangi ile. Mwanafunzi mmoja aliyekuwepo akasema, "Kumbe huyu ana jiko mbili." Sijawahi kusikia maelezo bora.

---

Kasulu Juu

Hapo umenivua kofia. Lakini ngoja nikuulize kitu cha ardhini. Mimi nimepanda milingoti (mikaratusi) ekari mbili, mstari wa mwisho uko kando ya kijito. Nguzo zinalipa. Kuna jamaa anapita huku anasema milingoti "inaua mto". Kwa hoja zako hizi, jani ni jani, kuvu atalainisha tu. Au?

---

Ticha Bios

Jani si jani, ndugu yangu. La mkuyu linalainika upesi, la mlingoti limepakwa nta pande zote, ndani lina mafuta yale yanayonukia kama dawa ya kifua, na tanini kwa wingi. Ureno wana milingoti mingi sana na wamelichunguza jambo hili miaka mingi. Walikuta ile nta inawazuia kuvu kupenya, nyuzi nyingi zinalazimika kuingilia kwenye vitundu vya kupumulia vya jani, kwa hiyo kazi inachelewa. Na mafuta yake yanawakera walaji. Funza wa Tipula waliolishwa mlingoti walihangaika: hawakukua vizuri, wengi walikufa.

Haiui mto. Inabadilisha kilicho mezani. Kijito ambacho kwa mwaka mzima kilipokea majani ya mikuyu na miti mingine kumi, kila moja likiiva kwa wakati wake, sasa kinapokea aina moja inayochelewa kuiva, na wenye tumbo la kuisubiri ni wachache.

---

Mlinzi wa Banio

Na sheria nayo ipo mkuu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Sikutishi, mimi mwenyewe shamba la baba yangu la michikichi limeingia humo. Nakwambia tu kabla hajaja mwingine kukwambia kwa kofia.

---

Kasulu Juu

Mstari mmoja ninaweza kuachia. Miwili siahidi.

---

Nahodha wa Boti Mbovu

Mimi swali langu ni la mbao. Nikiacha mtumbwi majini bila kuupandisha, baada ya muda ubao wa chini unakuwa na vitundu vidogo vingi, ndani kuna mdudu mweupe. Huyo naye anakula mbao?

---

Ticha Bios

Anayefahamika sana kwa hilo Afrika ni Povilla, mtoto wa mdudu mmoja anayeruka usiku na kufa baada ya muda mfupi sana. Ila ubao kwake ni nyumba zaidi ya chakula. Anachimba kwa taya, anaziba kuta kwa uzi kama hariri, kisha anakaa mlangoni akichuja chembe na mwani unaopita na kukwangua ulioota kando. Amekutobolea mtumbwi ili apange, si kwa sababu ya njaa.

---

Mgebuka Mkavu

Mpangaji asiyelipa kodi na anatoboa ukuta. Namjua mmoja pale Mwanga mjini.

---

Mlinzi wa Banio

Sasa mavi. Samahanini wenye kula.

Walaji majani wanakula kwa pupa, kwa siku mlaji anaweza kumaliza jani lenye uzito unaokaribia wa mwili wake. Lakini kinachobaki mwilini ni kidogo. Sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu, inatoka nyuma ikiwa vipunje vidogo. Mwanzoni niliona ni uzembe. Halafu nikatazama jiwe lililo katikati ya mkondo, nikakuta limejaa vifunza vidogo vyeusi vimejishikiza kwa mkia, kichwani vina pepeo mbili kama mikono ya nywele, vinachuja maji. Ni watoto wa usubi. Vinakula nini? Vipunje. Kando yao kuna wadudu wengine wamefuma vyandarua vidogo kati ya mawe, mdomo wa chandarua umeelekea juu mkondo unakotoka. Nao wanasubiri vipunje. Na kwenye tope la kando, minyoo na vifunza vyekundu vinazoa vilivyotua.

Kipunje kinapokaa majini bakteria wanakivaa upya, kinanona tena, kinaliwa tena, kinatoka tena. Jani moja linaliwa mara nyingi likishuka. Kwa hiyo kaa wangu wa banio ndio wanaowapikia walio chini. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani waliuandika mto mzima kwa namna hii: juu kwenye kivuli wanatawala wachana majani, chini mto unapopanuka na jua kuingia wanatawala wakwanguaji wa mwani na wazoaji wa vipunje. Nikifuata kijito changu kinavyoshuka hadi bonde la Luiche naona kitu kinachofanana na hicho, ingawa katikati kuna mashamba na madaraja na watu wanaofua, haikai sawasawa kama kwenye mchoro.

Na mwisho wake ni ziwani. Kwa maneno mengine dagaa mnaokula pale Kibirizi ni majani ya mkuyu wangu 😎

---

Ticha Bios

Hapo nakukatalia mbele ya watu. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Dagaa wanaishi katikati ya maji wanakula vijikamba vidogo sana vinavyoelea, navyo vinakula mwani unaoota kwa jua humo humo ziwani. Majani ya mto yanasaidia midomoni mwa mito na kando kando, huko kuna kaa na konokono wanaoyafaidi. Usimpe mkuyu sifa ya dagaa.

---

Mlinzi wa Banio

Nimeipokea. Nafuta miwani ya jua.

---

Mama Mise

Mimi nauliza kama mzazi. Wanangu wanaenda kupindua mawe kama wewe. Konokono wale hawana kichocho?

---

Ticha Bios

Shikamoo mama. Hofu yako ni ya kweli, kichocho kipo mwambao wetu huu. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda taratibu, yenye majani na mimea, wanakwangua mwani na majani yaliyooza kwa ulimi wenye meno kama msasa. Kwenye mkondo mkali wa mawe huwa wachache. Lakini watoto wasiingie kwenye madimbwi ya kando, na wakishaogelea maeneo hayo wapelekwe kupima. Dawa yake ipo vituoni.

---

Mlinzi wa Banio

Mrejesho wa jaribio la mkuyu na mlingoti, kama nilivyomwahidi Kasulu Juu kule inbox.

Nilitengeneza mifuko minne. Miwili ya wavu chakavu wa migebuka, matundu mapana, kaa mdogo na wadudu wanaingia. Miwili ya chandarua kilichochoka, maji na kuvu vinapita, mdudu mkubwa hapiti. (Afisa uvuvi akisoma hapa: chandarua sikuvulia kitu, kilikuwa na majani ndani.) Mkuyu kwenye wavu, mkuyu kwenye chandarua, mlingoti kwenye wavu, mlingoti kwenye chandarua. Nikavifunga kwenye mzizi chini ya maji.

Wiki ya tano nilifungua. Mkuyu wa kwenye wavu: mishipa mitupu, na vijumba vya sambusa saba vimeng'ang'ania. Mkuyu wa kwenye chandarua: jani zima lipo, jeusi, limelegea, ukilishika linachanika kama gazeti lililolowa. Yaani kuvu wamemaliza kupika, mlaji hakuruhusiwa kuingia. Mlingoti, wavu na chandarua, hakuna tofauti: rangi imepauka, jani bado linalia ukilikunja.

Leo ni wiki ya tisa. Mlingoti wa kwenye wavu umeanza kulainika pembezoni na nimekuta kijumba kimoja. Kimoja! Na cha kuchekesha, mwenyewe amejengea nyumba kwa vipande vya mlingoti lakini alama za meno zimo kwenye kipande cha mkuyu kilichojiingiza kutoka nje. Nyumba ya mabati, chakula cha nyumbani.

---

Kasulu Juu

Mistari miwili basi. Naenda kuikata baada ya mvua. Nipe mbegu za mkuyu.

---

Mgeni wa Reli

Mimi nikija mwisho wa reli naomba nionyeshwe jiko mbili.

---

Mjumbe Mpya 77 (amejiunga leo)

Nimeusoma uzi huu wote kuanzia juu. Mimi ndiye ninayesemwa. Kesho alfajiri nakuja banioni, kaa wasiguswe mpaka nifike. Saruji mifuko miwili tu, mawe mtabeba wenyewe. Na hilo fuso la majani nataka kuliona.

---

Mlinzi wa Banio

Shikamoo mzee. Njoo na viatu vya mpira. Na tochi, wanatoka kabla hakujapambazuka.